Mtungi wa Darasa la Saba

Mimi ndiye niliyesema skuli ifunguliwe. Tena sikusema kwa upole. Nilisimama mbele ya wazee wa wanafunzi waliojaa kwenye ukumbi wa skuli yetu pale Mji Mkongwe, nikawaambia watoto wa darasa la saba wamebakisha wiki chache tu wafanye mtihani, na kukaa nyumbani hakuwakingi na kitu, maana mchana kutwa wanaranda vichochoroni wakinyonya barafu za mitaani. "Kheri wakae darasani kwangu," nikasema, "niwaone kwa macho yangu."

Kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini tangu mvua za masika. Skuli zikafungwa, tukakaa. Sasa ruhusa ya serikali ilikuwa imetoka, lakini mwalimu mkuu hakutaka kufungua bila ya wazee kuridhia. Aliyenipinga kwa sauti alikuwa mmoja tu, mama wa Kitumbatu aliyekuwa akikaa mtaa wa Malindi. Mwanawe wa kiume alikufa kwa maradhi hayo hayo mwezi uliotangulia.

"Mimi nshazika mmoja," alisema. "Huyu wa kike ndiye aliyenibakia. Mtihani ukimpita, mwakani upo. Na yeye akinitoka, mwalimu, mwakani atarudi?"

Mtu mwenye akili angekaa kitako. Mimi huyo, mdomo mbele: "Mama, mwanao nnamchukulia dhamana mimi. Maji atakayokunywa hapa ntayasimamia mwenyewe, wallahi." Nimeapa, na hakuna aliyeniapisha. Akasema, "Basi, nimekuachia." Wiki ile ile skuli ikafunguliwa.

Bwana afya alituletea pipa na vidonge vya dawa. Mfereji wa bomba ulikuwa mkavu siku nyingi, kwa hivyo tulichota kisima cha nyuma ya skuli, tukatia kidonge, tukangoja. Maji yale yalinuka, jamani! Yalinuka kama sakafu ya hospitali. Watoto wakaziba pua, wakatema. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, haya si ya kuoshea choo?" Siku ya pili hawakuyagusa kabisa. Saa tano, jua kali, binti wa yule mama wa Malindi alikuwa kalaza kichwa juu ya dawati, midomo imemkauka. Siku ya tatu nikawafuma watatu wanaruka ukuta kwenda kununua barafu.

Sasa nisikilizeni nilichofanya. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo kumpa mtu maji yanayonuka ni kumtukana. Bibi yangu hakuujaza mtungi mpaka aufukize ubani, na juu akitia maua mawili matatu ya asumini. Mgeni akishusha kata ya kunywea, anasema alhamdulillahi kabla hajauliza habari za watu. Na bibi akitufunza kwamba maji mabaya hujisema yenyewe kwa harufu. Nikamwamini. Nilikuwa nimesoma chuo cha ualimu, nikisomesha sayansi, na bado nikamwamini bibi yangu! Nikauchukua mtungi wake, nikausugua, nikaufukiza, nikambebesha hamali mpaka darasani, nikaujaza maji ya kisima kile kile. Siku ya kwanza nilitia nusu kidonge, harufu ikaushinda ubani. Siku ya pili sikutia kitu.

Watoto walipanga foleni wenyewe. Binti wa Malindi akanywa kata mbili, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akanichekea. Hakuna aliyeruka ukuta tena. Nikajiona mwalimu hasa.

Hazikupita siku nne, dawati lake likawa tupu. Mtoto wa jirani yao akanambia, "Mwalimu, kachukuliwa alfajiri. Yuko kambini kwa wagonjwa wa kipindupindu." Lahaula! Nikaitupa chaki, nikatoka hata mwalimu mkuu sikumuaga.

Nilimkuta kwenye kitanda kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake, chupa ya maji ya mshipani imening'inia juu. Macho yamezama, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua mchana kutwa. Mama yake alikuwa kakaa sakafuni. Nikajikaza, nikisubiri matusi, na wallahi ningeyapokea yote. Aliinuka, akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu, usijilaumu. Daktari kasema ataishi. Maradhi haya kayapatia nyumbani kwangu. Nnachemsha, nnatia dawa, hataki kunywa, sijui amekunywa nini kwa siri. Ananambia maji ya mwalimu ndiyo matamu, yananukia. Nshawaambia wakaguzi wa afya wasijisumbue na skuli, skuli ni salama."

Mtu niliyemtia mwanawe maradhi ndiye anayenitetea! Tena kwa wakaguzi! Ningeweza kunyamaza, na nitasema kweli, nilinyamaza. Nilitazama ile chupa inavyodondoka tone kwa tone, nikafikiri: huyu anaishi, atapona, nani atajua? Aibu ya fikra ile sijaimaliza hadi leo.

"Hayakuwa na dawa," nikasema. "Maji yangu. Niliiacha dawa kwa sababu ya harufu."

Hakupiga kelele. Aliiachia mikono yangu polepole.

"Wamekunywa wangapi?"

"Darasa zima."

"Na leo?"

Ya Rabi. Asubuhi ile nilikuwa nimeujaza mpaka shingoni, na mapumziko yalikuwa yashafika. Nikageukia mlango. Alimwambia nesi, "Niangalilie huyu," akanipita mlangoni mbio, kiatu kimoja mguuni, buibui kalikusanya mkononi. Nilimfuata, sikumpata.

Nilipoingia darasani nikihema, mtungi ulikuwa ushapinduliwa, maji yametapakaa chini ya madawati. Alikuwa kasimama mbele ya watoto, anawauliza kwa sauti ya upole ili asiwatishe, "Nani kanywa leo, wanangu?" Wakanyoosha mikono, karibu wote, kila mmoja anataka aonekane, wanacheka, wakidhani atakayenyoosha juu zaidi ndiye atakayesifiwa.