Somo Langu la Mvua

Mwaka wa tisini na saba mvua ilianza kunyesha kabla ya wakati wake, na ilipoanza haikujua kunyamaza. Nilikuwa muuguzi katika kliniki ndogo ya mtaa wa Mowlem, Nairobi, na nilikuwa nimetoka tu kwenye mafunzo ya majuma mawili kuhusu hali ya hewa na afya. Mhadhiri alitueleza kwamba dunia inazidi kupata joto, kwamba mvua na ukame vitakuja kwa fujo, na magonjwa yatahama kama watu wanavyohama. Alisema huenda hata mbu wa malaria wakapanda hadi sehemu zetu za baridi. Mambo hayo yalikuwa mageni kwetu wakati huo. Nilirudi na daftari lililojaa na kichwa kilichojaa zaidi.

Nikapewa kazi ya kuwafundisha wenzangu kila Alhamisi alasiri, foleni ikiisha. Wanafunzi wangu walikuwa wanne: sista mkuu aliyetusimamia, mama wa makamo kutoka upande wa Kakamega; klinikal ofisa, yaani tabibu msaidizi, kijana ambaye wagonjwa walimwita daktari; na wauguzi wawili. Alhamisi ya kwanza niliwachorea Nairobi ubaoni, nikachora maji yaliyotuama kila mahali, na mbu mkubwa kuliko nyumba.

"Msidanganyike kwamba huku hakuna malaria," nikasema. "Mtoto akija na homa msimu huu, fikirieni malaria kwanza."

Sista mkuu akainua mkono. "Mwalimu, mimi nimezaliwa kwenye malaria. Naijua. Lakini ukishafikiria malaria, utafikiria nini tena?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba hayo tungeyafikia baadaye. Ukweli ni kwamba swali lake lilinikera. Nilimwona kama mtu asiyependa mambo mapya.

Jumanne iliyofuata alikuja mama mmoja muuza sukuma wiki, amembeba binti yake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa moto kama jiko na hakutaka kuguswa. Dawa za maabara zilikuwa zimeisha, kwa hiyo damu haikupimwa. Klinikal ofisa akaniangalia.

"Malaria, ama?" akauliza.

"Malaria," nikasema, nikifurahi moyoni kwamba somo langu limeingia.

Akaandika klorokwini, dawa ya malaria ya siku hizo. Hakuna aliyemlaza yule mtoto kitandani akamwangalia vizuri, nami nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

Alhamisi nilikuwa ubaoni tena mlango uliposukumwa. Yule mama wa sukuma alikuwa ameloa hadi kichwani. Alimfungua mtoto mgongoni, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimejivuta nyuma, macho yamefunguka bila kuona.

"Dawa nimempa yote," akasema. "Nimempa kama mlivyoniambia."

Sista mkuu alimpokea, akamlaza juu ya meza tuliyokuwa tukiandikia. Akaweka mkono nyuma ya kisogo na kujaribu kukileta kidevu kifuani. Shingo ilikataa. Mwili wote uliinuka pamoja na kichwa kama ubao.

"Hii si malaria," akasema polepole. "Ni homa ya uti wa mgongo."

Klinikal ofisa akanigeukia mbele ya wote. "Mwalimu, si ni wewe ulitufunza?"

Sista mkuu akakata maneno: "Kesi baadaye. Leteni penisilini."

Tulimdunga sindano hapohapo, ya penisilini na ya kloramfenikoli, dawa za kuua vijidudu. Simu ilikuwa imekufa tangu Jumatatu, na barabara ya kutokea ilikuwa mto mweusi. Gari lisingepita. Klinikal ofisa akatoka mbio, akarudi na wanaume wawili wa mkokoteni waliokuwa wamejikinga mvua dukani. Tukamlaza mtoto juu ya magunia, mama yake akapanda na kumshika kichwa, mimi nikawafunika kwa karatasi ya nailoni na kutembea kando yao. Maji yalinifika kiunoni. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, mama alilitaja jina la mtoto, mara moja tu, kisha akasubiri agune. Mara ya tatu mtoto hakutoa sauti yoyote. Nikaweka sikio langu kwenye pua yake, sikusikia kitu kwa sababu ya mvua, nikapiga kelele wasimame. Kisha nikahisi pumzi yake shavuni.

Ng'ambo ya maji tulipata pikapu ya mwenye duka iliyotufikisha hospitali.

Alipona. Alikaa hospitali majuma matatu, akatoka akitembea kwa kushika ukuta, na sikio la kushoto halikusikia tena. Nilikwenda kumwona siku ya kuruhusiwa kwake na nikamwambia mama yake ukweli wote: kwamba mimi ndiye niliyesema malaria, na sikumgusa mtoto wake.

"Kwa nini unaniambia?" akauliza.

"Kwa sababu ni haki yako kujua, mama."

"Sijui nitaifanyia nini hiyo haki," akasema, akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Hakunisamehe, wala hakunilaani. Sokoni tulipokutana baadaye aliniuzia sukuma kama mteja mwingine yeyote.

Nilitaka kuacha kufundisha. Sista mkuu alikataa. "Ulichofundisha kuhusu mvua hakikuwa uongo," aliniambia. "Malaria itakuja, kipindupindu pia kitakuja. Lakini hali ya hewa ibadilike isibadilike, mgonjwa anaguswa."

Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele yao na kueleza kosa langu kuanzia mwanzo, bila kumtaja klinikal ofisa. Yeye alikaa nyuma, mikono kifuani. Nilipomaliza, akasimama.

"Hata mimi sikumgusa," akasema. "Andika na hilo ubaoni."

Nikaandika. Kisha sista mkuu akakunja taulo likawa mtoto, akaliweka mezani, akatuita mmoja mmoja tuje tuonyeshe jinsi ya kupima shingo.