Gari la Harusi Lisilokuwa na Sakafu

Kwetu, siku ya kupokea mahari, baba wa binti hasemi. Anakaa kwenye kiti kizuri, amevaa suti, anatazama. Anayesema ni msemaji wa familia, na kila neno linalotoka kinywani mwake linahesabiwa kuwa neno la baba. Huwezi kumkatiza mbele ya wakwe. Ukifanya hivyo, ni kama umesimama na kujikana mwenyewe. Nawaeleza haya kwanza ili muelewe kwa nini, mchana mmoja wa mwezi wa tatu, mwanzoni mwa miaka ya 2010, nilikaa kimya kwenye ukumbi wa kukodi huko ugenini Schaerbeek huku jasho likinitiririka mgongoni.

Msemaji wetu alikuwa kaka mkubwa wa mke wangu, mtu wa Lubumbashi mwenye sauti ya kanisani na mikono isiyotulia. Mambo yalikuwa yamekwenda vizuri, wakwe wamecheka, vinywaji vimefunguliwa. Hapo ndipo alipopata moto.

"Bon! Bakwe betu, musikilize! Huyu mutoto hatatoka mu nyumba ya baba yake na taxi. Hatatoka na motoka ya kukodi. Atatoka na motoka ya baba yake mwenyewe, ya Amerika, ya zamani, yenye inanguruma kama simba!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Mke wangu akanigeukia polepole. Binti yangu, aliyekuwa ameketi kati ya shangazi zake, alifumba macho.

Gari lilikuwepo, hilo ni kweli. Lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, lenye injini kubwa ya silinda nane, limetengenezwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nililinunua kwa mama mmoja mjane wa Auderghem, ambaye nyumba yake ilikaribiana sana na msitu hivi kwamba gereji yake ilinuka majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Unyevu huo ulikuwa umelila gari kwa miaka mingi. Mimi nililichukua kama wengine wanavyochukua bustani: kitu cha kushughulika nacho Jumamosi, bila haraka. Siku ile ya mahari lilikuwa kwenye gereji niliyopanga nyuma ya nyumba yetu, limeinuliwa juu ya vigingi vya chuma. Halikuwa na madigadi ya kushoto, yaani lile bati linalofunika gurudumu la mbele. Nyuma, mahali ambapo bibi harusi angeweka miguu yake, hapakuwa na sakafu. Ulikuwa ukiona simenti ya gereji.

Harusi ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane.

Wakwe walipoondoka nilimvuta shemeji pembeni. "Uliiona ile gari kweli?"

"Niliiona."

"Lini?"

"Picha yake, beau," alisema, akiniita shemeji kwa Kifaransa. "Ile uliweka mu salon."

Picha ya sebuleni ilikuwa ya gari la namna hiyo, niliyoikata kutoka kwenye gazeti.

Basi nikaanza kutafuta mabati. Kama nawe una gari la zamani na unasoma haya ukiwa umekata tamaa, nikutulize: mabati hupatikana. Linalochosha ni kungoja. Kuna bati la asili, lililotolewa kwenye gari jingine la aina ileile, zito, mara nyingi lina kutu lakini linakaa sawasawa. Kuna bati jipya la kuiga, linalofika kwa meli kupitia Antwerp, linang'aa, lakini ni jepesi na matundu yake ya bolti hayalingani na ya kwako. Na kuna kiraka, kipande cha sehemu iliyooza tu, unachokichomelea mahali pake. Anza na la asili. Ukilikosa, nunua la kuiga ukiwa umejiandaa kulinyoosha kwa siku nyingi. Kiraka kinataka mkono uliotulia, nami mkono wangu mwaka ule haukutulia.

Nilipata madigadi kwa mzee mmoja aliyehifadhi mabati ghalani, nje kidogo ya mji. Alikuwa Mflemish mpole aliyeyafunika mabati yake kwa mablanketi kama watoto waliolala. Nilifurahi mno nikasahau kupima. Nilipofika nyumbani na kuliinua, tundu la taa ndogo ya ubavuni lilikuwa la duara. La gari langu lilikuwa la mraba. Ilikuwa madigadi ya gari la mwaka uliofuata. Nilirudi kwake siku iliyofuata nikiwa nimeinamisha kichwa. Alicheka, akasema kila mtu hukosea hivyo mara ya kwanza, kisha akatafuta tena chini ya mablanketi hadi akaipata iliyo sahihi. Ilikuwa ya buluu. Gari langu lilikuwa na rangi ya kutu.

"Rangi si tatizo," nilijiambia. "Rangi ni ya mwisho."

Lakini rangi ilikuwa imekwisha kupangwa bila mimi. Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mwenye duka la vitambaa karibu na Chaussée d'Ixelles, alikuwa amempigia shemeji simu kuuliza gari ni la rangi gani, ili kina mama wa pande zote mbili washone vitenge vya kufanana nalo. Shemeji hakusita.

"Nilimuambia rouge," aliniambia.

"Kwa nini nyekundu?"

"Sasa ningesema nini? Kutu?"

Vitenge vikanunuliwa. Mke wangu alileta chetu nyumbani na kukilaza kitandani, chekundu chenye ndege weupe, nami kila nikipita chumbani nilitazama pembeni.

Mwezi wa sita niliweka sakafu mpya, nikafunga madigadi, nikaanza kupumua. Ndipo nilipoangalia mahali ambapo nilikuwa nikipaacha. Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi hudanganywa. Chini ya mlango, kila upande, hupita boriti ya bati iliyokunjwa kama sanduku refu. Kwa nje huioni vizuri, lakini ndiyo inayoshikilia mbele na nyuma ya gari pamoja. Usiamini macho yako. Igonge kwa mpini wa bisibisi: ikilia kama kengele, nzima, ikitoa sauti ya karatasi, geuza bisibisi na usukume. Mimi nilisukuma polepole. Ikaingia yote hadi kwenye mpini. Niliposukuma kidogo mbele, ikaingia tena.

Nilikaa chini sakafuni pale gerejini. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kuendesha basi dogo la kuwapeleka wazee kwenye kituo chao cha mchana; kabla ya kuondoka nilikagua kila mkanda, kila kiti. Sasa nilimwona binti yangu ameketi nyuma, gauni limejaa gari zima, na chini yake pameshikiliwa na kutu.

Hesabu ya siku haikukubali kazi mbili. Kukata boriti zote mbili, kuzijenga upya na kuchomelea kungekula muda wote uliobaki. Kupaka rangi vizuri kungekula muda uleule. Ningeweza kujaza matundu kwa mastiki, kupaka nyekundu, na hakuna mtu angejua. Gari lingefika. Labda lingefika.

Nilimwambia binti yangu kwanza. Alikuja gerejini, akainama kwa suruali yake ya kazini, akaangalia.

"Papa, mimi sikuomba gari."

"Najua, mama. Lakini neno limeshatoka."

"Litolewe basi na yule aliyelitoa."

"Utapanda taksi?"

"Hapana. Watanikumbusha mpaka nizeeke. Nitapanda hii. Lakini unitengenezee chini. Juu, mimi sitapaona. Nitakuwa ndani."

Ikabaki shemeji. Neno alilolitoa msemaji hurudishwa na msemaji tu. Mimi nisingeweza kwenda kwa wakwe kwa miguu yangu. Alisikiliza, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Donc unataka niende kuambia bakwe kama motoka itakuya uchi?"

"Itakuwa na rangi ya kwanza tu, ile ya kuzuia kutu. Ya kijivu."

"Na aile ya buluu!"

"Na madigadi ya buluu, ndiyo."

"Bamama batavaa rouge, bibi harusi blanc, motoka gris na bleu. Beau, hii ni drapeau, ni bendera ya inchi gani?"

Lakini alikwenda, na kreti ya bia begani kama inavyotakiwa. Alirudi akiwa mpole kuliko nilivyomzoea. Baba wa bwana harusi, alisema, aliuliza jambo moja tu: kama mimi mwenyewe nitaendesha. Shemeji alijibu ndiyo. Hakuniuliza, alijibu tu. Safari hii sikukasirika.

Nilichomelea kidogo kidogo, upande mmoja kisha mwingine, kwanza nikiwa nimefunga vyuma vya kushikilia nafasi za milango ili bodi isijikunje. Usisahau vyuma hivyo kamwe. Wiki ya harusi gari lilipita ukaguzi. Mkaguzi aligonga kila mahali, akanipa karatasi yake, akanitakia kila la heri. Nilimshukuru, lakini usiku sikupata usingizi.

Asubuhi ya harusi binti yangu aliingia nyuma na mama yake, gauni likafuata kwa sehemu. Nikawasha injini. Kweli lilinguruma; watoto wa mtaa walikimbilia madirishani. Nikaondoka kwa mwendo wa mtu anayebeba sufuria iliyojaa.

Kwenye reli za tramu nilisimama kabisa, nikavuka gurudumu moja moja. Nyuma yetu msafara mzima ulipiga honi, ya kwanza kabisa ikiwa ya shemeji.

"Papa," alisema binti yangu, "mtu wa baiskeli ametupita."

"Apite."

"Alikuwa amebeba mtoto. Na mboga."

"Wapite wote."

Mke wangu alicheka mpaka akatafuta leso. Mimi nilikuwa nikisikiliza. Kila jiwe la barabara lilinipandia miguuni, na baada ya kila jiwe nilingoja sauti nyingine, ile ya chuma kuachana na chuma. Haikuja. Jiwe jingine. Haikuja.

Mbele ya kanisa kina mama walikuwa wamejipanga na vitenge vyao vyekundu, vigelegele vikaanza kabla sijazima injini. Nilishuka. Sikufungua mlango. Nilipiga goti kwenye mawe, suti yangu mpya na yote, nikaweka shavu karibu na ardhi nikaangalia chini ya gari, kuanzia mbele hadi nyuma, kisha nikazunguka nikaangalia upande wa pili.

"Beau!" alipaza sauti shemeji, umati ukiangua kicheko. "Unatafuta nini kule chini? Mutoto eko juu!"

Hakuna kilichokuwa kimeanguka. Nikainuka, nikajipangusa goti, nikamfungulia mwanangu mlango.