Nani Atamkatia Inkar Kamba

Mama yangu, Kulyash, haamini treni mpaka aione kwa macho. Miaka ishirini na tisa alishika bendera kwenye kivuko cha reli hapa kwetu nyikani, mbali kidogo na mji wa Karaganda, na kazi hiyo ilimfundisha jambo moja: stesheni wakipiga simu kusema treni imechelewa kidogo tu, ujue kuna behewa limelala ubavu mahali fulani. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyomvunja nyonga. Aliteleza kwenye barafu, na tangu hapo anachechemea.

Kwa hiyo kaka yangu Daurbek, mwanaanga, alipopiga simu ya video kutoka huko juu angani, kusema kurudi kwao kumesogezwa mbele wiki mbili, Mama hakulia wala hakuuliza sababu. Alibaki akiitazama simu.

"Kajikuna sikio," akasema. "Huyu tangu mdogo akidanganya anajikuna sikio."

"Sasa Mama, sikio likimuwasha asijikune?"

"Na likaanza kuwasha palepale aliposema wiki mbili?"

Nikajifanya nachochea jiko. Ukweli niliujua. Kijiwe kisichozidi punje ya mtama kilikuwa kimetoboa chombo chao cha kurudia duniani, na kingine kisingekuwa tayari kabla ya miezi sita. Daurbek alinipigia mimi kwanza. "Dada, moyo wake unaujua ulivyo. Mpe wiki mbili, halafu mbili nyingine. Mpimie kidogo kidogo." Mkewe, Inzhu, alikuwa anajua pia. Halafu taarifa ya habari ikatangaza, mtaa mzima ukajua. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwasihi wafunge midomo, na televisheni ya Mama nikaichomoa waya kwa nyuma.

Wema ndio uliotuponza. Jirani yetu Zeynep, aliyenuniana na Mama miaka saba kwa ajili ya uzio, alileta siagi. Bwana Pakhomov, afisa wa kuziangalia familia za wanaanga, alizoea kuja na boksi moja la chokoleti. Safari hii alileta mawili, tena akamuuliza Mama kama analala vizuri.

"Bwana Pakhomov," Mama akamwambia, "mara ya mwisho mtu wa serikali kuniuliza usingizi wangu, alikuwa amekuja kunipa habari za kifo cha mume wangu."

Yule bwana akapiga funda la chai ya moto, akaungua ulimi.

Wiki mbili zikaisha, zikaja nyingine mbili, na nyingine. Mama akawa anatuchunguza kama askari wa forodha. Nikiingia, ananitazama mikono kwanza. Inzhu akijibu simu nje, Mama anakumbuka ana nguo za kuanua. Mimi nilimkasirikia kwa hilo, nasema kweli, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Ila kulikuwa na mtu mmoja asiyeweza kupimiwa wiki mbili mbili: Inkar, binti wa Daurbek. Alikuwa ametimiza mwaka, na wiki ya sita alipiga hatua mbili kutoka kwa mama yake mpaka mezani. Kwetu mtoto akianza kutembea hufungwa miguu kwa kamba ya nyuzi nyeusi na nyeupe, kisha mtu aliyechaguliwa huikata, na mtoto hurithi mwendo na tabia ya aliyemkatia. Kamba ya Inkar ilikuwa inamngoja baba yake.

Mama akasema haingoji tena. Jumapili mchana akawaita wanawake wa mtaa, akatandika kitambaa cheupe sakafuni, akamfunga mtoto miguu kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Kisha akanipa kisu mimi.

"Nimewapitia wote humu kichwani," akasema mbele ya watu. "Kila mtu mtaa huu ananificha kitu. Inzhu anamkingia mumewe kifua, simlaumu. Wewe tu hujawahi kuniongopea. Mkatie, mwanangu, naye awe kama wewe."

Nikapiga magoti. Inkar akanishika kilemba, akacheka. Nilitamani sakafu inimeze. Nikakigeuza kisu, mpini ukamwelekea Mama.

"Tafuta mwingine, Mama."

"Kwa nini?"

"Tafuta tu."

Wanawake wakainamia sahani zao. Mama hakupandisha sauti.

"Miezi mingapi?"

"Sita. Imebaki minne na nusu."

"Yuko mzima?"

"Mzima kabisa. Wanangoja chombo kingine."

Akashusha pumzi ndefu. Nadhani ndiyo pumzi aliyokuwa ameibana tangu ile simu.

"Na televisheni?"

"Ni mimi."

Zeynep akajikohoza. "Basi nikate mimi, Kulyash, tuyamalize."

"Wewe kaa. Siagi yako nimeila nikijua imekuja kwa sababu gani."

Akanichukulia kisu mkononi, taratibu. Akalizunguka lile tandiko akichechemea, akashika ukuta, akainama kwa maumivu mpaka kwenye miguu ya mtoto. Inzhu akamdaka mkono.

"Mama, usikate wewe. Mtoto atachechemea."

"Na achechemee," Mama akasema, akakata.