Ukuta wa Msikiti wa Mawe

Njia ya baiskeli ya kutoka Naliendele kwenda Mnengule, zamani ilipokuwa njia, haikuwa ya serikali wala ya kijiji. Ilikuwa ya watu, kipande kwa kipande, vipande kumi na kimoja. Kutoka kisima kilichokauka hadi kwenye kichuguu kirefu palikuwa pa kina Issa. Kutoka kichuguuni hadi mkorosho uliopasuliwa na radi palikuwa pa kina Mariamu. Mvua zikishakatika, mwezi wa tano au wa sita, kila nyumba ilitoka na jembe na fyekeo ikasafisha pake, ili korosho zikianza kudondoka watu wapite na magunia bila kunaswa na upupu.

Mwenye kipande kichafu hakutozwa faini wala kuitwa kwa mtendaji. Alisemwa. Waendesha baiskeli wakifika mpakani kwake, wa mbele alipaza sauti ili nyumba nzima isikie: "Kamateni breki jamani, hapa ni kwa fulani, pana simba." Kesho yake asubuhi fulani alikuwa njiani na fyekeo, hasemi na mtu.

Kipande cha Hemedi Nampota kilikuwa cha saba, hatua mia mbili na kidogo, na ndicho kilichopita ubavuni mwa Msikiti wa Mawe. Hakuna aliyejua uliswaliwa lini mara ya mwisho. Paa lilikuwa limekwisha kabla ya babu zao. Zilibaki kuta mbili za mawe ya matumbawe, mihrabu yenye tao lililochongwa kama mkufu, na makaburi matano yaliyozama kwenye majani hadi mabegani. Juu ya ukuta wa kibla ulikuwa umeota mkuyu, mizizi yake ikiteremka mawe kwa mawe mpaka ardhini. Ukisimama hapo asubuhi, upepo ukitoka upande wa mlango wa Ruvuma, ulisikia harufu ya tope la mikokoni, ingawa maji yenyewe hayakuonekana.

Pale kila mtu alishuka. Mwenye gunia la kilo themanini kwenye keria, ambaye kushuka na kupanda tena kulikuwa kazi ya kutoa jasho upya, naye alishuka, akaikokota baiskeli kimya mpaka apite kaburi la mwisho. Hata Gaudensi, bwana shamba aliyeletwa kutoka Songea, mtu wa kanisani kila Jumapili, alishuka kwenye Foniksi yake na kuvua kofia. Siku ya kwanza aliuliza kwa nini. Hemedi akamjibu kwamba hata yeye hajui, ila hajawahi kumwona mtu aliyepita juu ya baiskeli. Gaudensi akasema sababu hiyo inamtosha. Urafiki wao ulianzia hapo.

Hemedi alikirithi kipande mwaka tisini na moja, baba yake alipofariki. Mikorosho ilikwenda kwa kaka zake wakubwa, yeye akapewa fyekeo na kuonyeshwa mipaka. Salma, mkewe, alicheka mpaka akakaa chini. "Wenzio wamerithi miti," alisema, "wewe umerithi majani."

Lakini miaka ile majani yalikuwa na heshima yake. Hemedi aliikumbuka miezi ya kumi ya wakati ule kama mtu anavyokumbuka sauti ya mama yake. Alfajiri kengele zilianza kusikika kwa mbali, moja, kisha tano, kisha hazihesabiki. Baiskeli zilipita mkia kwa mkia, Swala na Foniksi na nyingine zisizo na jina, vyuma vya keria vimeungwa mara tatu, magunia yamefungwa kwa mipira ya matairi. Watu wa ng'ambo ya mto walipita na samaki wakavu, wakisalimia kwa Kimakonde chao cha haraka. Na wote, wakifika kwake, walishuka. Kwa muda wa hatua mia mbili watu wale wenye haraka ya kuwahi mizani walitembea kwa utaratibu kwenye mchanga alioufagia yeye. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini wakati mwingine alikaa nyuma ya ukuta kusikiliza miguu tu.

Halafu zikaja mvua kubwa za tisini na nane zikang'oa daraja la miti la njia ile. Miaka mitatu baadaye ikafunguliwa barabara ya changarawe upande wa pili wa kijiji, malori yakaanza kufuata korosho mpaka mlangoni. Hakuna aliyetangaza kwamba njia imekufa. Mwaka mmoja kina Mariamu hawakutoka na fyekeo, na hapakupita mtu wa kuwaambia kuna simba. Mwaka wa pili wengine wakaacha. Mwaka wa nne alibaki Hemedi peke yake, akisafisha hatua mia mbili zisizotoka popote wala kwenda popote. Issa alikuwa akimwambia kwamba anachora mistari ya uwanja ambao timu zote zimeshahama. Hemedi alitabasamu, akarudi kazini. Alichotaka kilikuwa kimoja: njia isife akiwa hai.

Mwaka elfu mbili na sita, mwezi wa saba, Gaudensi alikuja. Alikuwa amestaafu, anaishi Chikongola, tumbo limemtangulia kidogo. Alikuja na binti wa kaka yake, Lucy, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya wageni kule Mikindani. Lucy aliamkia, akaeleza shida yake. Walikuwa na baiskeli za milimani, zenye gia na matairi mapana, na wageni waliotaka kuendesha porini na kuona magofu. Baba yake mdogo alikuwa amemsimulia juu ya njia hii tangu akiwa mdogo. Angeleta watu wanane Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Wakiweza kupita, wangerudi kila kiangazi. Wasipoweza, angewatafutia njia nyingine, na hapo asingekuwa na sababu ya kurudi.

Hemedi alisema watapita.

Jioni ile alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Watu walimkaribisha, wakamsikiliza, wakampa na chai. Hakuna aliyekataa kwa mdomo. Mariamu alisema ataona. Issa alisema wageni hao wana gia, watapita juu ya miti. Basi Hemedi akaamua kuifanya kazi yote mwenyewe, akiwa na miaka hamsini na mitatu na goti linalolia kila akichuchumaa. Kwa siku tisa alifungua vipande viwili na nusu. Usiku Salma alimkanda goti kwa mafuta ya nazi.

Siku ya kumi, Alhamisi, alichoka na pori la watu, akarudi kwenye kipande chake apumue. Alikiangalia kwa macho ya mgeni. Mchanga ulikuwa safi, makaburi yamefyekwa. Ila ukuta wa kibla, na mkuyu ule na mizizi yake, ulionekana kama kichwa kisichonyolewa. Aliona haya. Watu watatoka mbali, alifikiri, wadhani msikiti hauna mwenyewe.

Kwa mara ya kwanza maishani alipeleka panga pale. Alikata mizizi kwa uangalifu, mmoja baada ya mwingine, akiuvuta taratibu kutoka kati ya mawe na kufagia vumbi lililotoka nao. Alikata shina. Tao la mihrabu likaonekana lote, maua yake yote ya jiwe, na Hemedi akasimama mbele yake akijiona mtu wa kwanza kuliona tangu wajenzi wenyewe. Kisha akaenda upande wa pili wa njia kunoa panga, amalizie mizizi ya chini.

Haukuanguka kwa kishindo. Alisikia mchanga ukimiminika, kama mtu anayemwaga mtama kwenye ungo, na alipogeuka ukuta ulikuwa tayari unakaa chini, polepole, kama mzee anayetafuta kiti. Vumbi lilipotua, mihrabu haikuwepo.

Alikaa pale mpaka kivuli cha ukuta uliobaki kilipomfikia. Alimkumbuka baba yake, aliyefika pale miaka yote na fyekeo tu, hata siku moja hakuja na panga. Hemedi alidhani ni adabu kwa makaburi. Huenda ilikuwa adabu. Huenda mzee alijua kwamba ule mti ndio uliokuwa umeushika ukuta, akaona ni jambo lililo wazi mno hata kulisema. Hapakuwa tena na wa kumuuliza.

Salma alimsikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa bado ndani ya unga.

"Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Basi kesho ni Ijumaa," alisema. "Waambie wewe, kabla hawajaambiana wao."

Baada ya swala ya Ijumaa alisimama, akasema. Alisema kwa kifupi. Hakuna aliyemtukana. Machoni mwao Hemedi aliona kitu ambacho hakukitarajia: wanaume ambao kwa miaka minne hawakukanyaga kule walikuwa wamefadhaika, kama waliopata habari za msiba wa mtu waliyekuwa wakiahirisha kwenda kumtazama. Imamu, Bakari, alisema mahali pale paliswaliwa na wazee wao na hapawezi kuachwa hivihivi. Ijumaa inayofuata watasoma hitima palepale, watu wote, na chakula kitapikwa.

Sasa kulikuwa na hitima, na hapakuwa na njia. Kina mama wangebeba masufuria ya wali kichwani, na mashehe wengine wangetoka Naliendele kwa baiskeli. Hakuna nyumba iliyotaka sufuria imwagike kwenye kipande chake. Jumatatu Mariamu alionekana na fyekeo. Jumanne walikuwa nyumba nne. Jumatano pori lote lilikuwa na sauti za vyuma, na kutoka mpaka hadi mpaka watu wakaanza tena kusemana kuhusu simba.

Issa alimkuta Hemedi akisogeza mawe pembeni ya makaburi.

"Kwa hiyo umeangusha msikiti ili sisi tufyeke majani."

"Sikukusudia, Issa."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ungeshindwa." Akashika ncha ya pili ya jiwe, wakalibeba pamoja.

Hitima ilisomwa. Walikubaliana mawe yabaki palepale msikitini, yasijengewe nyumba ya mtu. Siku ya pili yake, Jumamosi, Lucy akaja na wageni wake wanane na baiskeli zao zinazonong'ona badala ya kulia. Hemedi alikuwa amewangoja tangu alfajiri, akiwa na kanzu safi. Vipande vyote kumi na kimoja vilikuwa wazi, kama miaka ile. Aliwasikia kwa mbali, akahisi kifua kikijaa. Hapohapo kikamuuma, na hakuweza kuitenga furaha na maumivu yake.

Lucy alikuwa amewaeleza, wakashuka wote. Walitembea kimya mpaka kwenye rundo la mawe. Mmoja wao, mwanamke mwenye mvi, aliuliza kitu, na Lucy akamgeukia Hemedi.

"Anauliza, baba, ukuta huu ulianguka karne gani."

Gaudensi, aliyekuwa amekuja nyuma nyuma akihema juu ya Foniksi ileile, alimkonyeza rafiki yake. Ingekuwa rahisi. Vumbi lilikuwa limeshatua, mawe yalikuwa mazee.

"Waambie ulianguka wiki iliyopita, siku ya Alhamisi, alasiri," alisema Hemedi. "Niliuangusha mimi. Nilikata mti uliokuwa umeushika, nikidhani nausafisha kwa ajili yao."

Lucy alisita. "Na hilo nalo nitafsiri?"

"Hilo ndilo la kwanza. Ya zamani nitawaambia baadaye."

Walikuja kwa viangazi vinne, kabla nyumba ile ya wageni haijapata mmiliki mpya na Lucy kuhamia Dar es Salaam. Kila kundi Hemedi aliliongoza kwa miguu kwenye hatua zake mia mbili, na kila kundi alilisimamisha kwenye mawe akaanza na habari hiyohiyo, jina lake na siku yenyewe, huku akimtazama Lucy mdomoni mpaka awe na hakika kwamba hajapunguza neno.