Mayungiyungi ya Shangazi Faida

Je, harufu inaweza kumsaliti mtu? Nilijiuliza hivyo nikiwa msichana wa shule ya msingi pale Buzebazeba, Ujiji, mwaka ambao boti zilishusha watu kutoka ng'ambo ya ziwa kila kukicha. Uani kwetu siku zote kulinuka dagaa wanaokauka, moshi na mawese. Kisha mvua zikaanza, na jioni moja ikaingia harufu nyingine, nzito na tamu, ikapanda ukuta na kutoka hadi barabarani bila kumwomba mtu ruhusa.

Aliyeileta ni Faida. Bibi yangu alimkuta mwaloni, boti zinapotia nanga, alipokwenda kununua dagaa, mwanamke kijana aliyeketi juu ya mzigo wake, hana pa kwenda ila kambini. Serikali ilitaka wakimbizi wote wakae huko. Bibi akarudi naye nyumbani. "Ukiulizwa," akaniambia, "huyu ni shangazi yako wa Katubuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikamuuliza sisi tulikuwa tunaumwa nini. Nikapigwa kofi dogo la kisogoni. Lakini maswali hayakuniisha: shangazi gani huyu asiyejua hata jina la baba yangu? Na kwa nini mtu anayekimbia risasi abebe vitunguu vya maua badala ya blanketi?

Alivipanda nyuma ya jiko, akavimwagia maji yaliyooshewa dagaa. Bibi akashika kiuno. "Basi yatanuka dagaa hayo!" Faida akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. "Hapana, Mama. Hii maua inapendaka maji ya samaki. Utaona." Tukaona. Mashina yalipanda hadi kifuani kwangu, yakafunguka meupe kama tarumbeta, na mayungiyungi yale yalinukia zaidi kiza kilipoanza kuingia. Bibi alisema harufu ya jioni huita nyoka. Nikakaa mlangoni kumsubiri nyoka, jioni baada ya jioni, kwa hamu kubwa kuliko hofu. Hakuja hata mmoja. Walikuja wanawake.

Ujiji huwezi kumnyima mtu ua la bibi harusi. Ukikataa, ndoa ikiyumba utasemwa wewe. Kwa hiyo kila aliyebisha hodi alipewa, na kila aliyepewa aliuliza nani kayapanda. "Mimi," Bibi alijibu. Jirani yetu Bi Zaina akaangua kicheko. "Wewe, Bi Mwanaidi? Wewe ambaye hata mchicha unakushinda?" Bibi alicheka naye, lakini mlango ulipofungwa aliusukumia komeo. Siku hizo gari la matangazo lilikuwa likipita na kipaza sauti, likisema anayemficha mkimbizi atashitakiwa pamoja naye. Bibi aliacha kulala. Akaanza kumwamuru Faida ayakate maua yakiwa bado machanga. Faida aliyakata, mengine yakamponyoka, na jioni harufu ikatoka tena. "Kizuri chajiuza," Bibi alilalamika, na safari hiyo methali haikuwa sifa.

Walimchukua Faida siku ya harusi ya binti wa Bi Zaina. Bibi alikuwa ameondoka na maua yote yaliyofunguka, mimi nikabaki nikiosha vyombo. Aliingia mjumbe wa nyumba kumi na mgambo wawili. Hawakupiga kelele wala hawakupekua. Faida alikuwa ameshafunga kitenge chake. Alinishika kidevu akasema, "Umwambie Mama asante," akatoka. Niliwakimbilia nikipiga kelele kwamba ni shangazi yangu wa Katubuka, na mjumbe akaangalia pembeni.

Bibi aliporudi hakulia. Alichukua jembe akayang'oa maua hadi la mwisho, akasema pua za watu ndizo zilizomsaliti mgeni wake. Mpaka anafariki, Bibi hakuongea tena na Bi Zaina, na mimi, ambaye sikuamini habari za nyoka, hiyo niliiamini. Nyuma ya jiko sasa kuna vyumba vya kupangisha. Mayungiyungi nayaona kwenye ukumbi wa mikutano kazini, yamefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na mara nyingi hayanukii chochote.

Mwaka jana nilimkuta yule mjumbe msibani, mzee sasa. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza bila kuzunguka: nani alisema? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali jepesi. Hakuna aliyesema, alinijibu. Faida alikwenda kwake mwenyewe, asubuhi ya siku ile, akajitaja jina na nchi yake, akasema hataki mama yule ashitakiwe kwa ajili yake. Aliomba jambo moja tu: waje kumchukua alasiri, Bibi akiwa harusini.