Maziwa ya Kumnenepesha Mama

Mwaka mama alipougua taifodi nilikuwa kidato cha tatu, na nilijiona najua kila kitu. Naliweka hilo mbele kwa sababu mengi ya yaliyofuata yalitoka mikononi mwangu.

Mama alikaanga samaki wa ngege katika kibanda chake Kisumu, karibu na ufuo, na karai lile ndilo lililotulisha na kutusomesha. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kilichomuua ni kifua, na watu walikuwa wameshaamua wenyewe kilikuwa kifua cha aina gani. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Kila Jumamosi palikuwa na mazishi, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja kwa jina. Wazee walisema chira, yaani mkosi wa kuvunja mwiko, unaomkondesha mtu hadi aishe. Vijana walionyesha kidole kidogo tu, ishara ya mtu aliyekondeshwa na ugonjwa huo.

Mama alipotoka hospitalini, shule zikiwa zimefungwa, taifodi ilikuwa imeisha, lakini nguo zilimpwaya. Shangazi yangu, dada ya baba, akaja kutoka Kombewa na dumu la maziwa ya ng'ombe wake, akaapa kwamba wifi yake atanenepa, watu watake wasitake.

Kwetu maziwa hayakunywewa hivihivi. Ya freshi yalikuwa ya kutia kwenye chai tu. Mengine yalimiminwa kwenye kibuyu yakalala siku mbili tatu hadi yakaganda, ndipo mama akayala na ugali. Shangazi alilijua hilo, na kibuyu alikuja nacho. Mimi ndiye niliyekikataa. Mwalimu wetu wa sayansi kimu alikuwa ametufundisha kwamba maziwa yaliyolala yamejaa viini, na kwamba mgonjwa apewe yaliyochemshwa, ya moto.

“Waya,” nikamwambia, maana ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi, “hiyo kibuyu ni mambo ya zamani. Mtamuua.”

Shangazi alinitazama, akakitazama kitabu nilichoshika, akarudi Kombewa na kibuyu chake. Mtoto amesoma, angesema nini?

Basi nikachemsha. Asubuhi kikombe kikubwa, mchana kingine, jioni kingine. Mama alikunywa amefumba macho. Siku ya tatu tumbo likaanza kunguruma na kujaa gesi, kisha akawa mtu wa kukimbilia choo cha nje, kile tulichotumia na wapangaji wote wa ploti. Kila mtu aliweza kuhesabu safari zake, na walizihesabu. Kadiri alivyokonda ndivyo nilivyoongeza maziwa. Shangazi alileta dumu la pili huku analia.

Mama alijikokota kurudi kwenye karai kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukaanga. Wanawake waliokuwa wakigombania samaki wake sasa walimsalimia kwa mbali, “Mama, umeamkaje?” kisha wakanunua kwa jirani. Samaki aliyeiva saa nne asubuhi alikuwa bado kwenye sinia saa kumi. Mama hakulalamika. Alirudi nao nyumbani tukawala sisi, siku baada ya siku, nami nikachukia mtaa mzima. Kibaya zaidi, nilianza kuamini wanachonong'ona.

Tulikuwa na paka wa kijivu aliyekuzwa kwa vichwa vya samaki na dagaa wa omena. Siku moja mama alishindwa kumaliza kikombe, nami nikaona vibaya kumwaga, nikamimina kwenye kisahani. Vitabu vyetu vya kujifunzia kusoma vilikuwa na picha ya paka na maziwa yake, kwa hiyo sikuwa na shaka. Akalamba yote. Nikaendelea hivyo siku nne. Paka yule, aliyekuwa na adabu ya kufukua nje na kufukia, akaharisha nyuma ya gunia la makaa, kisha kwenye viatu vya marehemu baba, kisha mbele yetu mchana kweupe.

Mama alikuwa ameketi mkekani ameshika tumbo. Alimtazama paka, halafu akanitazama mimi na sufuria yangu.

“Sasa huyu naye,” akasema, “nani amemwambukiza?”

Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu hospitalini. “Mimi na paka, kitu tunakunywa pamoja ni hii maziwa yako. Kuanzia leo siguzi.”

Hakugusa. Paka naye akarudishiwa vichwa vyake. Siku ya tatu wote wawili walikuwa wametulia.

Nikampeleka mama kliniki. Muuguzi, mwanamke mtu mzima asiye na haraka, alisikiliza habari yote, hata ya paka, bila kucheka. Alisema watu wazima wengi wa huku kwetu matumbo yao hayawezi tena kusaga sukari iliyomo ndani ya maziwa freshi, na paka akishakua huwa hivyohivyo. Tumbo lililotoka kwenye taifodi ndiyo kabisa. Maziwa yakilala, viini vile nilivyoviogopa ndivyo vinavyokula sehemu ya sukari hiyo.

“Kwenu hamna kibuyu?” akaniuliza. Nikatazama sakafu. Damu ya mama ilipimwa pia, mwenyewe aliomba, ikarudi safi.

Shangazi akaleta kibuyu. Hakunisuta hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kusutwa. Mama akarudiwa na mwili polepole, na wateja wakarudi polepole zaidi. Wengine hawakurudi kamwe.

Siku moja kabla shule hazijafunguliwa tulikuwa tunaparua magamba pamoja, nami nikaanza kuwatukana wale wanawake. Nilisema hawana utu. Nilisema waliona mtu mgonjwa wakamkimbia.

Mama hakuinua macho kwenye samaki wake. “Wale walikuwa mbali,” akasema. “Wewe ulikuwa unaosha sahani yangu peke yake, unaiweka kando na zenu.”

Nilitaka kukana. Badala yake nikauliza, “Ulikuwa unaona?”

“Nilikuwa naona. Na bado nilikunywa ile maziwa yote, kwa sababu ni wewe ulikuwa unaleta.”