Delphine na Kitabu cha Hegland

Msafiri akiingia maktaba ya Hegland kuulizia vitabu vya kusoma kabla hajaanza kuizunguka nyika yetu, Delphine Lavallée humtazama viatu kwanza. Akiona vinang'aa, anajua huyu katoka mjini na anataka vitabu vya machweo.

"Vya machweo sina," humwambia hata kabla hajafungua mdomo. "Jua linazama bure kila siku, toka nje ukalitazame. Hapa nina vya ukame."

Kisha humbebesha. Kitabu cha majani, kinene, chenye michoro ya kila aina ya nyasi na mizizi yake. Kitabu cha bibi harusi aliyeletwa huku kutoka ng'ambo akachanganyikiwa kwa sababu ya upepo. Kitabu cha upishi cha akina mama wa Kiukraine wa kaskazini, ambacho mapishi yake yote yanaanza na gunia zima la unga. Kitabu cha miaka ya vumbi, ambacho hakuna aliyewahi kukimaliza bila kunywa maji. Msafiri akilalamika kwamba yuko likizoni, Delphine humjibu kwamba nyika haiko likizoni.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya uwanja wa barafu. Majira ya baridi inanuka soksi za wachezaji wa magongo, na ukisoma unasikia ukuta ukigongwa. Kazi ile hakuna aliyeitaka. Delphine aliichukua magoti yalipomkatalia kusimama tena kwenye jiko la nyumba ya wazee, alikopika nusu ya maisha yake.

Mimi nilikuwa mpima nafaka wa ghala la Hegland mpaka ghala lilipobomolewa. Sasa kazi yangu ni kunywa kahawa kwenye kituo cha mafuta cha Ingvald Tveit na kuwachukia watalii. Delphine naye sikumpenda sana. Ana ulimi wa wembe na hacheki. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, na siwezi kuyameza.

Hapa kwetu kila wilaya ina kitabu chake. Kila familia inaandika ukurasa wake yenyewe: babu alitoka wapi, alikuja na ng'ombe wangapi, nani alimuoa nani. Kuna adabu moja tu, nayo inashikwa kuliko ibada ya Jumapili: ukurasa wa mwenzako huugusi. Kama babu wa Bergum alikuwa mlevi na mjukuu wake akaandika kwamba alikuwa mcha Mungu, basi alikuwa mcha Mungu, na kamati ya kitabu inachapa hivyohivyo. Na kitabu chenyewe hupangwa kwa ardhi. Kinaanza kipande cha shamba cha pembeni kabisa, kinashuka kipande kwa kipande kwa namba zao, na kila familia inakaa kitabuni pale ilipokaa duniani.

Delphine hayumo. Kwao hawakuwa na kipande. Ni Wametisi, damu ya Wakrii, wenyeji wa asili, na ya Wafaransa, waliokuwa kwenye nyika hii kabla babu zetu hawajajua kama ipo. Ardhi ilipogawiwa, wao hawakupata, wakajenga kwenye hifadhi ya barabara, ule ukanda mwembamba wa serikali unaopita kati ya shamba na shamba. Baba yake, Moïse, alichimba visima vya watu na kuokota mawe ya mashamba ya watu. Mama yake, Adèle, alichimba mizizi ya dawa akauza. Delphine alikuwa mtoto wa umri wa shule, ingawa shuleni hawakumpokea, siku baraza la wilaya lilipotuma wanaume watatu na madebe ya mafuta ya taa. Nyumba za barabarani zikachomwa, watu wakapakiwa kwenye gari la moshi la mizigo wakapelekwa kaskazini; Delphine alirudi peke yake ukubwani. Mmoja wa wale watatu alikuwa Oskar Tveit, baba yake Ingvald. Hili kila mtu Hegland analijua, na kila mtu Hegland akiulizwa anaanza kuzungumzia mvua.

Basi kamati ikaamua kukitoa kitabu upya, toleo la pili, na Ingvald akawa mwenyekiti. Familia zikaleta kurasa zao pale kituoni, akawa anaziweka kwenye sanduku la tufaha chini ya kaunta. Asubuhi moja Delphine akaingia na karatasi mbili zilizopigwa chapa.

"Za kwetu," akasema.

Ingvald hakuzipokea. Aliendelea kufuta kaunta, mahali palepale palipokwisha kung'aa. "Delphine, mama, elewa. Si mimi. Kitabu kinakwenda kwa ardhi. Nikuweke kwenye kipande gani?"

"Baba yangu ameokota mawe ya kila kipande kilichomo humo."

"Sikatai."

"Wewe umeandika kwamba babu yako alilisafisha shamba lenu kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ya nani, Ingvald?"

"Huo ni ukurasa wa familia yangu," Ingvald akasema, masikio yamemuiva. "Ukurasa wa mtu hauguswi."

"Sijaugusa. Naomba wangu."

"Huna kipande!"

Mimi nilizivuta zile karatasi nikazisoma kahawa ikipoa. Hakumtukana mtu. Aliandika mama yake alivyokuwa akipaka nyumba udongo mweupe kila masika, na majina ya ndugu zake, na kwamba baba yake alikuwa akipiga fidla kwenye harusi za babu zetu Wanorwe na kulishwa nje, mlangoni. Ya madebe ya mafuta ya taa hakuyaandika kabisa. Nilimwambia Ingvald, "Bwana we, weka tu. Utakufa?" Akaniambia ninywe kahawa yangu.

Delphine alizikunja karatasi, akatuangalia mimi na Ingvald kwa dharau moja, akatoka.

Sasa, mwaka uleule jarida moja la wasafiri la mjini lilikuwa limemwandikia Delphine. Lilitaka awatajie wasomaji vitabu vya kwetu vya kusoma kabla ya kuja nyikani, na neno moja juu ya kila kimoja. Habari zikaenea kabla hajaifungua bahasha, maana mwenye posta ni shemeji yake Ingvald. Kamati ikafurahi sana. Kitabu chetu kikitajwa mle, wasafiri watakinunua, na zile nakala hazitalala stoo kama za toleo la kwanza, ambazo panya walizisoma kuliko watu. Ingvald akamfuata hadi maktaba. Alimnyima ukurasa, kisha akaenda kumwomba amsifie kitabu! Nilimfuata ili nione.

"Utakitaja?" akamuuliza.

"Nitaandika ninavyoona," Delphine akasema, akaendelea kupiga mihuri.

Oktoba ikaja na karamu ya bata mzinga. Huo ndio usiku mmoja katika mwaka ambao Hegland nzima inakaa ndani ya ukumbi mmoja bila kugombana, kwa sababu vinywa vimejaa. Safari hii ndiyo ilikuwa siku ya kukizindua kitabu, kwa hiyo kamati ikapanga meza kwa ardhi, kila meza na namba ya kipande chake imesimamishwa kwenye kikombe. Jikoni alikuwa nani? Delphine. Magoti mabovu na yote, kamati ilimwomba, maana hakuna anayepika mchuzi wa bata mzinga kama yeye, na yeye akakubali kwa upesi ambao ungepaswa kututia wasiwasi.

Kabla ya pai, Ingvald akapanda jukwaani na kitabu kipya. Desturi ni kwamba kipande kinatajwa, familia inasimama, watu wanapiga makofi, wanakaa.

"Kipande cha thelathini na sita. Bergum!"

Akina Bergum wakasimama, makofi, wakakaa.

"Barabara," ikasema sauti kutoka mlango wa jikoni. "Lavallée."

Delphine alikuwa amesimama pale na aproni yake, upawa mkononi. Wengine walicheka, wakidhani ni mzaha. Waliomjua hawakucheka.

"Kipande cha thelathini na tano," Ingvald akasema. "Sorge."

Wakasimama, wakakaa.

"Barabara. Lavallée."

"Delphine, mchuzi wako unaungua huko."

"Mchuzi nimeshapakua. Endelea."

Akaendelea, angefanya nini? Kila alipotaja kipande, familia ikasimama na kukaa, Delphine akaitaja barabara inayofuata. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesoma vituo vya treni. Makofi yakaanza kupungua, kisha watu wakawa wanasimama nusu, matako hayajaachana na kiti. Mke wa Sorge akasema kwa sauti, ili asikiwe, "Huyu mwanamke hana aibu." Mtu wa nyuma akamwambia Delphine arudi kwao. Nami nikamuuliza yule mtu, kwao ni wapi basi, akanionyesha ngumi.

Kilipofika kipande cha akina Tveit, Ingvald alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alijitaja mwenyewe, akapigiwa makofi na mkewe.

"Barabara. Lavallée."

Ingvald akakifunga kitabu kwa kishindo. "Keti chini, Delphine! Umeshatuharibia sherehe. Keti chini!"

"Nikae wapi?"

Watu wakazitazama namba kwenye vikombe.

"Kila meza ina namba," Delphine akasema. "Nitajie yangu, nikae."

Ingvald akakifungua kitabu tena. Hakuna aliyesogeza kiti. Mjane wa Bergum alikivuta cha kwake, nikadhani ana utu, kumbe alikuwa anausogeza mkoba wake karibu. Delphine akasubiri muda wa kutosha kila mtu aone kwamba anasubiri. Kisha akavua aproni, akaitundika kwenye kitasa cha mlango, akaondoka kwa miguu yake mibovu, na masufuria yote ya Hegland akayaacha machafu.

Majira ya baridi yote kamati iliishi kwa hofu ya lile jarida. Ingvald alikuwa na hakika. "Atatutukana," akasema kila asubuhi. "Atatuvua nguo mbele ya nchi nzima." Alifikiria kumwandikia mhariri. Alifikiria kumfukuza kazi maktaba, lakini ingebidi apatikane mwingine wa kukaa na zile soksi.

Jarida likafika barafu ilipoanza kuyeyuka. Ingvald alilifungua pale kaunta, nasi tumemzunguka. Cha kwanza kabisa, juu ya kitabu cha majani na cha vumbi na vyote, kilikuwa kitabu cha wilaya ya Hegland. Ingvald akaanza kusoma kwa sauti kubwa, uso umefunguka. Delphine aliandika kwamba hakuna kitabu kitakachomwonyesha msafiri nyika na watu wake kama hiki, kwamba ni cha kweli kwa namna yake, na kwamba kinauzwa kwenye kituo cha mafuta na mwenyekiti wake, mtu anayejua kila familia. Sentensi ya mwisho Ingvald hakuisoma. Ilibidi nimnyang'anye.

Iliandikwa: "Kisome chote, kisha mwulize mwenyekiti ni nani waliokaa kwenye hifadhi ya barabara."

Wakaja. Mungu wangu, walivyokuja! Na msafiri aliyesoma kitabu ni balaa, kwa sababu ana swali. Wanajaza mafuta, wananunua kitabu au wanakitoa garini tayari kimepigwa mistari, wanauliza. Mwanzoni Ingvald aliwajibu kwamba barabara ni barabara, watu hawakai barabarani.

"Lakini mwenye maktaba anasema walikuwepo."

"Basi kamuulizeni mwenye maktaba!"

Wakaenda, na Delphine akawarudisha. "Mimi simo kitabuni," aliwaambia. "Mwulizeni mwenye kitabu." Wengine walivuka ile barabara ya vumbi huku na huko mara mbili, wakidhani ni mchezo wa watu wa nyikani. Ingvald akajaribu kusema hajui. Akajaribu kuzungumzia mvua. Akajaribu kujificha chooni, mimi ndiye nikawa nawaambia yuko chooni, wamsubiri. Vitabu viliisha. Kamati ikachapa vingine, ikampongeza, naye akawa anakonda.

Karibu na mavuno alisimama mama mmoja mtu mzima, gari lake limejaa vumbi hadi kwenye vioo, kitabu chetu kiko kwenye kiti cha mbele. Hakuwa na ukali wowote. Alitoa kichwa dirishani akauliza kama walivyouliza wote, "Samahani, baba. Ni nani waliokaa kwenye hifadhi ya barabara?"

Nilikuwa kwenye benchi nje na kikombe changu. Ingvald alikuwa ameshika bomba la mafuta. Aliniangalia mimi kwanza, kwa chuki, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha yule mama kusema. Kisha akayatazama mashamba ya upande wa pili, na yale marundo ya mawe kwenye pembe zake, ambayo watalii hupenda kuyapiga picha.

"Moïse Lavallée," akasema. "Na mkewe Adèle, na watoto wao. Baba yangu aliwachomea nyumba." Akachomeka bomba. "Nikujazie tangi?"